Sakafu ya Nakuru na dari ya ndege: jibu kwa msomaji anayetaka ndege ya injini mbili

*"Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Mimi ni mfanyabiashara, nina leseni ya urubani binafsi na saa 210 za kuruka, zote katika ndege za injini moja. Mimi na kaka zangu wawili tumeamua kununua ndege ndogo ya injini mbili iliyotumika, ya kutufikisha Wilson jijini Nairobi, Eldoret na Kitale, wakati mwingine pamoja na familia. Nimewauliza marubani wengi na kila mmoja ananivuta upande wake. Mmoja ameniambia kwamba Diamond DA42 ni mbu aliyeota mabawa marefu, na kwamba yeye hawezi kukubali kuonekana akishuka ndani yake. Mwingine anasema Piper Seneca ni trakta, lakini ni trakta lisilomwacha mtu njiani. Wa tatu anaapa kwamba Beechcraft Baron ndiyo ndege yenyewe na zilizobaki ni za wanafunzi. Jambo moja tu wanakubaliana: injini mbili ni usalama mara mbili, kwa sababu ikizimika moja, nyingine inakufikisha nyumbani. Nimsikilize nani? Kaka yangu mkubwa naye, shabiki sugu wa Gor Mahia, anauliza kama DA42 inaweza kupakwa rangi ya kijani mwili mzima."*

Ndugu msomaji, umeuliza maswali mawili, na nitaliacha la kaka yako hadi mwisho, ingawa si la mzaha kama unavyoweza kudhani. Nianze na lile ambalo hukuliuliza, kwa sababu marubani wako walikupa jibu lake kabla hujalitamka. Hilo moja wanalokubaliana ndilo lenye kosa. Katika yale wanayobishania, kila mmoja ana sehemu ya ukweli.

Ndege yenye injini mbili ina injini mbili zinazoweza kuharibika. Kwa hesabu ya kawaida tu, uwezekano wa kupatwa na injini iliyozimika katika safari ni mkubwa karibu mara mbili kuliko wa yule anayeruka na injini moja. Unachonunua kwa fedha za injini ya pili ni nafasi ya kuchagua baada ya ya kwanza kuzimika, na nafasi hiyo inategemea uzito uliobeba, joto la siku hiyo, kimo ulichopo na ustadi wa miguu yako. Mahali fulani nafasi hiyo ni pana. Mahali pengine, ikiwemo sehemu kubwa ya anga utakayopita wewe, ni finyu mno au haipo kabisa.

Hebu tuelewe sababu. Fikiria nyumba inayoendeshwa kwa mishahara miwili iliyo sawa, ya mume na ya mke. Kodi, chakula na karo vinakula karibu nusu ya pato lote, na nusu inayobaki ndiyo inayojenga nyumba kijijini. Mshahara mmoja ukikatika, pato limepungua kwa nusu, lakini ujenzi haupungui kwa nusu: unasimama. Ndege nayo ina matumizi yake ya lazima, yaani nguvu inayohitajika ili tu isishuke, na ni ile nguvu ya ziada peke yake inayoipandisha juu. Chukua namba za mfano. Injini mbili za nguvu za farasi 180 kila moja zinatoa 360, na baada ya propela kupoteza sehemu yake zinabaki kama 280 za kusukuma kweli. Tuseme ndege inahitaji 120 ili kuruka bila kushuka katika mwendo wa kupanda, hivyo ziada ni 160. Zima injini moja. Sasa una 140, lakini matumizi nayo yamepanda hadi labda 130, kwa maana ndege inakwenda upande upande kidogo na usukani wa mkia umepinda kuizuia isigeuke. Ziada imebaki 10. Umepoteza nusu ya nguvu, na pamoja nayo zaidi ya asilimia 90 ya uwezo wa kupanda. Ndiyo maana wakufunzi wa ndege hizi husema kwamba injini moja ikizimika unapoteza asilimia 80 au zaidi ya upandaji wako, na kauli hiyo haina chumvi.

Hesabu hiyo niliyoifanya ni ya pwani, kando ya bahari. Wewe huishi pwani. Injini ya kawaida isiyo na turbo (si ule mji ulio kwenye barabara ya Eldoret kwenda Webuye, bali ile feni inayoishindilia injini hewa) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Joto nalo huifanya hewa kuwa nyepesi zaidi, kiasi kwamba kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya kiwango cha kawaida cha kimo hicho ni kama kuinua uwanja kwa futi 120. Kiwanja cha Kisumu kiko zaidi ya futi 3,700 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 31, ambao wewe unaujua vizuri kuliko mimi, injini yako inahisi kwamba iko karibu futi 6,500. Eldoret iko karibu futi 7,000, na mchana wa nyuzi 24, ambao wenyeji wa huko wanauita wa kupendeza, injini inahisi iko zaidi ya futi 9,500. Rudi sasa kwenye mfano wetu: zile 140 za injini iliyobaki zimekuwa kama 100, ilhali matumizi bado ni 130. Ndege hiyo itashuka. Hata ukiwa rubani hodari kiasi gani, itashuka, na kazi pekee ya injini ya pili itakuwa kuchelewesha mteremko.

Kila ndege ya injini mbili ina kile kinachoitwa dari ya injini moja, yaani kimo ambacho, injini moja ikiwa imekufa, ndege bado inaweza kupanda futi 50 tu kwa dakika. Piper Seminole, ndege iliyowafundisha marubani wengi duniani kuruka na injini mbili, ina dari ya karibu futi 4,000 ikiwa imebeba uzito wake wote. Sakafu ya Bonde la Ufa hapa Nakuru ninapoishi iko karibu futi 6,000. Kwa hiyo sakafu yetu iko juu ya dari yake. Ukivuka safu ya Mau, ambayo vilele vyake vinakaribia futi 10,000, na injini moja ikazimika ukiwa na Seminole iliyojaa, hakuna mahali kati ya Mau na Naivasha ambapo hewa itakushikilia. Utateremka taratibu, ukiwa na muda wa kuchagua shamba.

Wala hilo si siri ambayo watengenezaji wanaificha. Kanuni za Marekani ambazo ndege nyingi za aina hii zilithibitishwa kwazo zilitaka, kwa ndege zisizozidi ratili 6,000 na zenye mwendo mdogo wa kutua, kwamba upandaji au *ushukaji* kwa injini moja kwenye futi 5,000 upimwe na uandikwe. Hazikutaka kwamba ndege ipande. Mtengenezaji aliyeandika kitabuni kwamba ndege yake inashuka alikuwa ametimiza wajibu wake.

Sasa tuingie kwenye ugomvi wa urembo, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu marubani wanapobishana kuhusu sura ya ndege hii au ile, mara nyingi wanabishana kuhusu utendaji wake bila kujua.

Tuanze na huyo mbu. DA42 ilitengenezwa Austria na kuruka kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 2002. Kampuni hiyo imetokana na watu waliokuwa wakitengeneza ndege za kuelea zenye injini ndogo, na ukiitazama unaona nasaba: kiwiliwili chembamba, mkia wenye umbo la T, na mabawa yanayozidi mita 13 kutoka ncha hadi ncha, ilhali ya Baron ni mita 11 na nusu na ya Seneca yanakaribia 12. Rubani aliyezoea ndege za Kimarekani zenye mabega mapana anaona kitu kilichokondeana. Lakini urefu huo una kazi. Ndege inapokwenda polepole, kama inavyokwenda inapopanda na injini moja, sehemu kubwa ya ukinzani wa hewa haitokani na kiwiliwili kupasua upepo, bali na juhudi ya mabawa kubeba uzito, na bawa refu na jembamba hubeba uzito uleule kwa gharama ndogo kuliko bawa fupi na pana. Tai anayezunguka juu ya Ziwa Nakuru bila kupiga bawa analijua jambo hilo. Kwa lugha ya ile nyumba yetu, mbu wako ana kodi ndogo, na kwa hiyo mshahara mmoja unamfaa zaidi. Injini zake pia ni za dizeli zenye turbo, hivyo hazipungukiwi haraka na kimo.

Baron imekwenda njia nyingine. Aina ya 58, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ina injini za nguvu za farasi 285, na zile za baadaye 300. Pua yake ndefu, madirisha yake na jinsi inavyosimama imara juu ya magurudumu vinamfanya kila anayepita ageuke. Mimi mwenyewe hugeuka. Haijali sana kodi kwa sababu mishahara yake ni mikubwa, na dari yake ya injini moja ni kama futi 7,000. Hiyo ni nzuri kuliko ya Seminole kwa mbali, lakini tazama namba hiyo tena: kwa Eldoret wakati wa mchana, hata mrembo huyu anakuwa juu ya dari yake akiwa bado ardhini. Aliyekuapia kwamba Baron ndiyo ndege yenyewe huenda amezoea kuirusha Mombasa na Malindi, na huko maneno yake ni kweli tupu.

Seneca ni trakta, nakubali. Ilizaliwa mwaka 1971 kwa kuchukua kiwiliwili cha Cherokee Six, ndege ya injini moja, na kuweka injini mbili mabawani. Sura yake ni ya kabati lililofungwa mabawa, lakini ndani yake watu sita wanakaa, mlango wa nyuma unameza magunia, na hakuna fundi wa Wilson asiyeijua. Ila Seneca si moja. Ile ya kwanza haina turbo, na kwa nchi yetu ya juu sikushauri uiguse. Seneca II, iliyokuja katikati ya miaka ya 1970, ina turbo, na tofauti ya hizo mbili hapa kwetu ni kubwa kuliko tofauti ya majina yao inavyoonyesha. Mtu akikuambia tu kwamba anauza Seneca, hajakuambia kitu.

Kuna nyingine mbili ambazo hukuzitaja. Tecnam P2006T ya Italia, yenye injini mbili ndogo za Rotax za nguvu za farasi 100, ni nyepesi, inakunywa kidogo na ina bawa la juu linalokupa kivuli ukipakia mizigo, lakini injini zake hazina turbo, na kwa safari zako ningeiachia shule za urubani zilizo bondeni. Cessna 337, ile yenye injini moja puani na nyingine nyuma ya kibanda, ndiyo inayochekwa kuliko zote kwa sura. Ubaya wake una akili: injini zote ziko kwenye mstari mmoja, kwa hiyo ikizimika moja ndege haigeuki kwenda upande. Kwa kejeli ya mambo, utulivu huo umewaponza wengine, kwa maana wako waliokimbia uwanjani kutaka kupaa bila kutambua kwamba injini ya nyuma ilikuwa imekwisha kuzimika. Ndege za aina hiyo zilizopo sasa ni kuukuu, na vipuri vyake ni kazi ya kutafuta.

Jambo la kugeuka kwenda upande ndilo linaloua, kwa hiyo nikuombe radhi nikae hapo kidogo. Injini ya kulia ikifanya kazi peke yake inaisukuma pua kwenda kushoto, na unazuia kwa mguu wa kulia kwenye pedali ya usukani wa mkia. Usukani huo hupata nguvu kutokana na upepo unaoupitia, hivyo kadiri mwendo unavyopungua ndivyo unavyozidi kulegea, mpaka unafika mwendo ambao hata ukikanyaga hadi mwisho ndege itageuka na kulala ubavu. Mwendo huo umechorwa kwa mstari mwekundu kwenye saa ya mwendo. Mstari wa buluu ulio juu yake ni ule mwendo ambao injini moja inakupandisha vizuri zaidi, au inakushusha polepole zaidi. Rubani mwoga anayeona ardhi ikisogea huvuta usukani wa mkononi ili pua ipande, mwendo unaporomoka kutoka buluu kuelekea nyekundu, na ndege iliyokuwa ikishuka kwa utulivu futi 100 kwa dakika inajigeuza chali. Ajali nyingi za ndege hizi ziko hivyo. Bora kutua shambani mbele yako ukiwa na mwendo na mabawa sawa kuliko kuingia uwanjani kichwa chini.

Wakufunzi humfundisha mwanafunzi kwamba mguu uliolala ndio upande wa injini iliyolala, ili asije akaizima iliyo hai kwa papara. Kisha propela iliyokufa hulazwa, yaani mapanga yake yanageuzwa ubavu ili yasikinge upepo kama mlango uliofunguliwa. Katika Seneca au Baron unafanya hayo kwa mikono yako, kwa mpangilio, ukiwa umetishika. Katika DA42 unazima swichi moja na kompyuta ya injini inailaza propela yenyewe. Kwa mtu wa saa 210 asiyeruka kila siku, naona hiyo ni sifa kubwa kuliko noti 30 za mwendo (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Nimewahi kupunguza nguvu za injini moja kwa makusudi, tukiwa juu sana ya nchi ya Uasin Gishu na mwanafunzi aliyekuwa na saa nyingi kuliko zako, katika ndege isiyo na turbo, adhuhuri ya mwezi wa Februari. Alifanya kila kitu sawasawa. Alikaa kwenye mstari wa buluu, akalaza ubavu kidogo kuelekea injini nzima, mguu imara. Tulishuka. Baada ya dakika mbili alinitazama akaniuliza amekosea wapi, na nikamwambia hajakosea popote. Uso wake ulibadilika, na nadhani siku hiyo ndipo alipoanza kuwa rubani wa injini mbili.

Kuhusu mwendo, usihangaike sana. Kutoka Kisumu hadi Wilson ni kama kilomita 265 kwa mstari ulionyooka. Baron inayokwenda noti 200 itatumia dakika 43, na DA42 inayokwenda 160 itatumia 54. Ili kuokoa dakika hizo kumi na moja, Baron itakunywa zaidi ya lita 100 za petroli ya ndege kwa saa, na DA42 lita 40 hadi 50 za mafuta ya jeti kwa injini zote mbili. Uzito wa jambo hili magharibi ya nchi si bei peke yake. Bomba la mafuta linafika Nakuru, Eldoret na Kisumu, na mafuta ya jeti yapo pale ndege za abiria zinapotua, lakini petroli ya ndege ni bidhaa ya kuulizia kwa simu kabla ya kuondoka.

Nisije nikaonekana nimeajiriwa na wauza mbu. DA42 za mwanzo zilikuwa na injini za Thielert za nguvu za farasi 135, zilizotokana na injini ya gari, na giaboksi yake ilipaswa kuondolewa kila baada ya saa 300. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilifilisika na wenye ndege wakabaki wakilia vipuri, hadi Continental ilipoichukua mwaka 2013. Kuna pia kisa cha Speyer, Ujerumani, Machi 2007. Betri ya ndege ilikuwa imekwisha, injini zikawashwa kwa umeme wa kuazima, na baada ya kupaa, magurudumu yalipoanza kukunjwa, umeme ulishuka ghafla, kompyuta za injini zote mbili zikajizima na kujiwasha upya, na injini zote mbili zikasimama kwa pamoja. Baadaye kompyuta hizo ziliongezewa betri za akiba. Sisi ambao tumezoea kuchukua moto kutoka gari la jirani kila betri ikilala tunapaswa kukikumbuka kisa hicho. Zile zinazoitwa NG, za kuanzia 2009, zina injini za Austro za nguvu za farasi 168, na kama mfuko unaruhusu hizo ndizo ningetafuta. Viti vyake ni vinne tu, hata hivyo, na ukijaza mafuta hutajaza watu wazima wanne. Kama "familia" uliyoitaja ni mke na watoto watatu pamoja na samaki wa kupeleka kwa shemeji, mjadala umekwisha: tafuta Seneca yenye turbo. Kibanda cha kioo cha DA42 pia hukusanya jua la Kisumu kikiwa ardhini kama kitalu cha miche, ingawa ukiwa angani hakuna atakayekuonea huruma kwa jinsi unavyoona.

Kuna chaguo ambalo wauzaji hawatakutajia, nalo ni kubaki na injini moja nzuri yenye turbo na kutumia fedha zinazobaki katika mafunzo. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro, mwendo mfupi tu kutoka hapa, alivuka Atlantiki kutoka Uingereza mwezi Septemba 1936 kwa Vega Gull yenye injini moja, zaidi ya saa 20 peke yake, na barafu ilipomkatia mafuta akatua pua kwanza katika tope la Nova Scotia na kutoka hai. Sikuambii umuige. Nakukumbusha tu kwamba rubani wa injini moja huwa hajidanganyi: anajua kwamba ikizimika anatua, kwa hiyo anachagua njia, kimo na saa. Wewe pia, hata ukiwa na mbili, vuka Mau asubuhi. Mawingu ya radi yanayojijenga juu ya ziwa na milima ya Nandi na Kericho baada ya adhuhuri hayaulizi una injini ngapi.

Ushauri wangu wa kweli ni huu. Kabla ya kulipa hata shilingi ya rubuni, chukua kitabu cha ndege hiyo mahususi, kwa namba zake za utengenezaji, na utafute jedwali la upandaji kwa injini moja. Weka uzito mtakaobeba kweli, nyinyi watatu na mizigo, weka mwinuko wa Eldoret, weka nyuzi 24, na usome. Ukikuta namba yenye alama ya kutoa, unajua. Eldoret na Kisumu zina barabara za kurukia zinazozidi kilomita tatu, na urefu huo ni mali: injini ikizimika magurudumu yakiwa bado chini, mara nyingi kuna lami ya kutosha mbele ya kurudi juu yake. Wilson, yenye karibu kilomita moja na nusu, haitakupa ukarimu huo, na viwanja vidogo kama cha Kitale usivipime kwa mategemeo ya Eldoret.

Lakini kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Mtafute mhandisi wa ndege mwenye leseni, asiyelipwa na muuzaji, aifungue ndege na vitabu vyake vya matengenezo kabla ya mkataba. Nenda kwenye Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya uulize masharti ya kuiingiza na kuiandikisha kwa namba za 5Y ukiwa bado na fedha mkononi. Na usikubali mtu akufundishe ndege hii Kisumu tu, juu ya ziwa, asubuhi yenye ubaridi. Mwombe mkufunzi wa injini mbili akupeleke Eldoret mchana, na uzito kamili, na akakuonyeshe injini moja ikipunguzwa mkiwa na futi 3,000 au zaidi chini yenu. Zoezi la kufikia mstari mwekundu lisifanywe bila yeye, kwa kuwa kwenye vimo vyetu ndege inaweza kupoteza uwezo wa kuelea kabla hujafika kwenye mstari huo, huku injini moja ikisukuma, na hapo ndipo inapoanza kuzunguka kama pia.

Sasa, kaka mkubwa. Mwili wa DA42 ni nyuzi za kaboni na glasi zilizogandishwa kwa gundi ngumu, na gundi hiyo hudhoofika ikipata joto kupita kiasi. Rangi nyeupe huirudisha miale ya jua, ilhali rangi nzito kama kijani huimeza, na ndege iliyoachwa kiwanjani Kisumu saa nane mchana ikiwa ya kijani mwili mzima inaweza kupata joto ambalo haikuthibitishwa kulibeba. Ndiyo maana karibu zote ni nyeupe. Mtengenezaji huonyesha sehemu zinazoruhusiwa kupakwa mistari ya rangi, na mhandisi wako atakusomea. Mwambie kaka kwamba jezi ya K'Ogalo, yaani Gor Mahia, nayo ina nyeupe, na kwamba mstari wa kijani ubavuni utaonekana vizuri tu kutoka kwenye majukwaa.